Dawa ya Chini ya Ulimi

Richardson, Texas,
8 Desemba 2019.

Mpendwa Dada Pelagia,

Shikamoo Dada yangu. Nakuamkia ukiwa huko huko jikoni kwako Kamachumu, maana najua ndiko utakakoisomea barua hii, miwani puani na sufuria ya ndizi motoni. Goti je? Severin wako aliniambia lilikusumbua masika yote mpaka ukawa unakwenda kanisani kwa bodaboda kama binti wa sekondari. Nilicheka, kisha nikasikitika. Pole sana. Endelea kulikanda kwa maji ya moto, na tafadhali acha kupalilia ukiwa umepiga magoti. Migomba haitakukimbia.

Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Ambilikile wangu yuko na kompyuta zake kama kawaida, ananenepa na hataki kuambiwa. Queen amerefuka kunipita. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na nikimkazia macho ndipo anakumbuka kwamba ana mama. Baba mkwe wangu, yule mzee wa Tukuyu, bado tunaye tangu alipofiwa na mkewe. Baridi imeanza, basi anavaa makoti mawili mle mle ndani na kulalamika kwamba Ambilikile ni bahili wa hita.

Senene wameanguka? Kama wameanguka wengi usiniambie, nitalia. Barua hii anakuletea Clothilde, yule binti wa Muleba tunayesali naye hapa, anakuja kwao kwa Krismasi. Akirudi mpe senene japo kikopo kimoja, waliokaangwa wakakauka barabara. Usimpe wa mafuta mafuta kama wale wa mwaka juzi, nguo zangu zilinuka mpaka Pasaka.

Haya Dada, sasa kaa chini. Nimeshika kalamu kwa sababu simu unanikatia. Tukiongea habari za kahawa mtandao ni safi kabisa, lakini nikimtaja Elia tu, mtandao wa Kamachumu unaharibika ghafla! Barua huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, lakini mimi nakujua, utaisoma kwanza.

Najua uliyoambiwa. Uliambiwa mwanao amekuwa teja Marekani, na kwamba mimi, nesi mzima, namlea nyumbani kwangu huku akila dawa nyingine za kulevya za hospitali. Ndipo ukamtumia yale maneno, kwamba asithubutu kuja kusimama kwenye kaburi la baba yake akiwa na madudu mwilini, aache kwanza, awe safi, ndipo aje kwenye misa ya kumkumbuka marehemu mwezi Januari. Tangu hapo hupokei simu yake.

Maneno hayo Elia ameyashika kama amri ya Mungu. Amesema wiki ya Krismasi anaacha dawa, ili aje kwako akiwa safi kama ulivyotaka. Dada, akiacha namna hiyo anaweza kufa. Sikutishi, wala sizidishi chumvi. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie, na haya yote yanayofuata ni ya kukueleza kwa nini.

Kwanza, Elia hakuanza na unga. Alianza na mgongo. Unakumbuka alipoingia jeshi la huku tulivyopiga vigelegele, picha yake ya magwanda ukaipachika sebuleni. Gari la jeshi lilipinduka wakiwa mazoezini, akaumia uti wa mgongo. Madaktari wakampa vidonge vya maumivu, vikali, vya jamii moja na mofini. Akavinywa kama alivyoandikiwa. Mwili ukazoea, ukataka zaidi, na siku madaktari walipoviona vimekuwa vingi wakamkatia. Maumivu yakabaki, na juu yake ikaja arosto. Mtu mwenye arosto, Dada, nimemwona kwa macho yangu: jasho na baridi kwa wakati mmoja, machozi na makamasi yanamtoka, tumbo limevurugika, miguu haitulii, hapati hata lepe la usingizi. Akaanza kununua mtaani ili asimame tu aende kazini. Kuingia kwake ni huko. Hakutoroka shule, wala hakuwa na marafiki wabaya uliosimuliwa.

Wakati huo alikuwa akiishi Houston, Sharpstown, chumba kimoja na kijana wa Kikenya anaitwa Onyancha. Huyo Onyancha ndiye aliyemkuta sakafuni, midomo imekuwa ya bluu, hapumui. Kwa bahati alikuwa na ile dawa ya kupuliza puani inayomrudisha mtu, akampulizia, akaita gari la wagonjwa. Mimi sikukusimulia haya. Shemeji Faustine alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, ningeanzaje? Nili-drive mpaka Houston nikamleta Richardson. Njia nzima hakusema kitu ila kuniuliza kama baba yake alimtaja kabla hajafa. Nilisema ndiyo, alikutaja. Mungu anisamehe kama si kweli, wewe ndiye uliyekuwepo.

Sasa nikueleze kidogo habari za kazini, usidhani nilimtafutia mwanao dawa vichochoroni. Wajua mimi ni nesi katika kliniki ya wanajeshi wa zamani. Mambo ya wagonjwa haturuhusiwi kuyatoa nje, na sitayatoa. Ya Elia nakuandikia kama mama yake mdogo, kwa niliyoyaona nyumbani kwangu. Zamani mwanajeshi mwenye shida kama yake aliambiwa aende kwa wataalamu wachache wa magonjwa ya akili, asubiri zamu yake miezi. Wengine walisubiri, wengine hawakufika. Siku hizi kliniki yetu imebadili utaratibu. Daktari wa kawaida, yule yule anayempima mtu presha na sukari, anasoma kozi, anapewa kibali, anaanza kutoa dawa hapo hapo. Mfamasia na nesi wanamfuatilia mgonjwa kwa simu. Nesi wa kupiga simu ni mimi.

Haikuwa rahisi kuanza. Kuna madaktari walionuna kwamba wanaletewa mateja kwenye foleni ya watu wenye vikohozi. Kuna manesi waliosema kama ulivyosema wewe, kwamba ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Basi wakaja wagonjwa wenyewe. Mtu aliyeingia ameinama, mwezi wa pili anaingia na mkewe, wa tatu anabishania mpira na mlinzi. Kelele zikapungua zenyewe.

Dawa yenyewe inaitwa buprenofini. Hapo Tanzania nadhani umesikia methadoni, wanayokwenda kuinywa vijana Dar kila asubuhi. Hizi ni ndugu. Haimleweshi mtu aliyezoea, inakaa tu pale mwilini ambapo unga ungekaa, arosto inatulia, na akili inarudi kwa mwenyewe. Anaitumia kila siku, pengine miaka. Wewe kidonge chako cha presha unakimeza kila asubuhi, mbona padri hajakunyima komunyo?

Nakiri kitu kimoja: mwanzoni dawa ilimkataa Elia. Nasema ilimkataa, maana ndivyo tulivyodhani wote. Tangu amehamia kwangu aliitumia kila siku, na kila siku ilipofika mchana arosto ilimshika. Anatoka jasho, anapiga miayo mpaka machozi. Kliniki wakamwongezea kipimo. Wapi! Wakamwuliza kama anaitumia kila siku, akajibu ndiyo, na ni kweli tupu. Mara mbili aliteleza akarudi mtaani kutafuta. Nilianza kumficha Queen ili asimwone kaka yake akitetemeka. Elia akaniambia labda mama ana haki, labda dawa hii si ya kwangu.  Mimi nesi wa dawa hiyo hiyo nililia chooni kama mtoto.

Sasa sikia kilichotokea, ucheke japo ni uchungu.

Dawa ile ni kikaratasi chembamba cha rangi ya chungwa. Hakimezwi. Kinawekwa chini ya ulimi na kuachwa kiyeyuke chenyewe, dakika kama kumi, na muda huo wote huongei, huli, hunywi. Ukikimeza, tumbo linakiharibu na damu haipati kitu.

Sasa nyumba yetu ni ndogo. Chumba cha wageni anacho baba mkwe, basi Elia analala sebuleni kwenye kochi. Akiamka, kabla mifupa haijaanza kumuuma, anaweka dawa yake. Na mzee, unamjua mzee wa Kinyakyusa! Anaamka na ndege, anatoka chumbani na fimbo yake, anakaa kwenye kiti chake anasubiri kuamkiwa. Na salamu zake si za kupita. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, umeamkaje, umelalaje, mama hajambo huko Bukoba, mvua imenyesha, migomba haijapata ule ugonjwa, padri wenu mzima? Mpaka amalize, chai imepoa.

Siku za mwanzo Elia alijaribu kunyamaza, akamwonyesha kidole mdomoni. Wee! Mzee alinuna wiki nzima. Alimwambia Ambilikile jeshi la Wamarekani limemharibu mtoto, anamjibu mzee kwa kidole. Elia kufa kwa aibu. Na hakutaka babu ajue habari za dawa, alijua babu akijua atamwona teja. Basi tangu siku hiyo, akisikia fimbo kwenye korido, anameza dawa yake haraka, anasimama na kusema shikamoo babu. Alikumbuka walivyomwelekeza kliniki, lakini alijiambia dawa ni dawa, ikifika tumboni si imefika.

Kila asubuhi, Dada! Kwa heshima! Mtoto uliyemlea wewe akashikwa na arosto kila siku kwa sababu ulimfundisha kuamkia wakubwa.

Utauliza mimi nilikuwa wapi. Mimi asubuhi siingii sebuleni mpaka mzee amemaliza chai. Kwa Wanyakyusa mke na baba wa mumewe wanakwepana kwa heshima, na ingawa siku hizi wengi wamelegeza, mimi mzee wangu namtunzia mila yake. Chai napitisha kwa Queen. Ninyi mlinicheka nilipoolewa mbali, mkasema Mhaya gani atakubali kujificha nyumbani mwake. Nikakubali, na imenigharimu.

Oktoba kikapita kimbunga hapa Richardson. Sisi tulinusurika, ila mapaa ya watu yaling'oka na miti ikalala barabarani. Umeme ukakatika, jiko likawa halifanyi kazi, nikaweka jiko dogo la gesi karibu na dirisha la sebuleni nichemshe maji. Mila ikabidi isubiri. Mzee akageuzia kiti chake ukutani, mimi nikampa mgongo, tukaendelea na maisha. Ndipo nikamwona Elia akiweka kikaratasi, na mara fimbo ikagonga sakafu, na koo la Elia likapanda na kushuka. Shikamoo babu.

Nilimvuta mkono hadi nje, kwenye matawi yaliyoanguka. Nikamwuliza, umemeza nini? Akasema, dawa, mama mdogo. Nikamwuliza, huwa unaimeza? Akasema, sasa nifanyeje, babu ananisalimu. Dada, nilimpiga kofi la bega, nikamkumbatia, nikacheka, nikalia, majirani Wazungu wakadhani tumepoteza mtu kwenye kimbunga.

Ilibidi mzee aambiwe. Elia hakutaka, nikamwambia basi chagua, aibu au uhai. Aliyemweleza ni Ambilikile, kama ilivyo ada, baba na mwana. Nami nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza, sikuona sababu ya kujinyima. Ambilikile akaeleza yote: mgongo, vidonge, Houston, dawa.  Mzee akauliza, kumbe salamu zangu ndizo zilikuwa zinamnyima mtoto dawa?  Akasema mtu anayesali hasalimiwi, basi na mimi nitamhesabu anasali.

Kesho yake alitoka na fimbo yake, akakaa, akavua kofia. Hakusema neno. Elia naye kimya, dawa iko chini ya ulimi, machozi yanamtiririka na hawezi hata kusema asante. Dawa ilipokwisha kuyeyuka akasimama akamwamkia, na mzee akaanza, Bukoba hawajambo, migomba je, padri je. Ndivyo wanavyofanya mpaka leo. Queen akipita anaongea, mzee anampungia fimbo anyamaze.

Tangu hapo mwanao amekuwa mtu. Arosto imeisha. Hatelezi tena. Anakula mpaka namwonya, analala, anacheka. Amepata kazi katika ofisi moja hapa Richardson, anapokea simu za watu ambao kompyuta zao zimegoma, na asubuhi anapanda treni amechomekea shati. Jumapili anabeba kitabu cha nyimbo cha babu kanisani. Na mimi kazini nimejifunza. Nikimpigia mgonjwa siku hizi siishii kumwuliza kama ametumia dawa. Namwuliza ameiweka wapi, na ni nani aliyekuwa karibu naye.

Huyo ndiye Elia unayemwambia aache.

Nisikilize vizuri hapa. Mwili wake sasa umetulia, ule uwezo wa kuhimili unga umepotea. Mtu anayeacha dawa ghafla, arosto inarudi, na akiteleza mara moja tu, kiasi kile kile cha zamani kinamzimisha. Wanaokufa sana ni hao, wale walioacha ili kumfurahisha mtu fulani. Mke, mchungaji, mama. Tumewazika, Dada. Nimesimama na mama mmoja makaburini akaniambia, nilitaka tu awe safi. Sitaki nikuone wewe umesimama pale aliposimama.

Najua unachoogopa. Unaogopa watu wa jumuiya waseme mwana wa Faustine amerudi akila dawa za mateja mbele ya kaburi la baba yake. Waseme! Mbona wakati wa msiba walisema pia kwamba chakula hakikutosha, na walibeba mpaka masufuria? Mtoto akikunyea mkono, mkono haukatwi, unaoshwa. Na Elia alishaoshwa, yuko safi sasa hivi, leo hii, na dawa yake. Daktari amekubali kumpa ya safari yote pamoja na cheti cha kuonyesha uwanja wa ndege. Hakumzika baba yake. Mwache aje amlilie akiwa mzima.

Na nikuambie la mwisho, unipige ukiweza. Pasipoti yake nimeificha, maana bila safari hana sababu ya kuacha dawa. Anapekua nyumba nzima, amegeuza mpaka magodoro, na mimi namsaidia kutafuta. Sitaitoa mpaka nisikie kwamba mama yake amemwambia, njoo na dawa yako. Kama hutamwambia, misa ya Januari itasomwa bila yeye, na lawama nitabeba mimi. Heri uninunie mimi mpaka uzeeni, mwanao akiwa hai, kuliko tupatane tukiwa msibani kwake. Nakupenda, na kwa hili sitarudi nyuma.

Nisalimie Severin na mkewe. Mwambie binti yao Precious mama mdogo... ah, mimi ni bibi sasa! Mwambie bibi yake wa Texas amemtumia viatu, Clothilde anavyo, na kama havimtoshi asivikunje kisigino. Wasalimie majirani, hata wale wa maneno. Ambilikile anakuamkia, Queen naye, kwa Kiswahili nilichomlazimisha. Baba mkwe ananituma nikuulize kama migomba haijapata ule ugonjwa, na padri wenu mzima?

Mungu akulinde, akuponye hilo goti, na akulainishe moyo pale mimi niliposhindwa.

Mimi mdogo wako, akupendaye hata ukininunia,

Prudensia.

N.B. Elia hajui kwamba nimekuandikia. Ukimpigia usinitaje hata kidogo. Aamini kwamba ni mama yake mwenyewe aliyekaa, akafikiri, akaona anamtaka hivyo alivyo.